Kusikiliza Kituruki Mtandaoni: Masomo, Video za Mtaani, Tamthilia au Redio?

Kuna watu wanaokijua Kituruki kwenye karatasi tu. Mpe zoezi la viambishi, atalimaliza. Mpe aya ya gazeti, ataisoma na kamusi pembeni. Mturuki akifungua mdomo, amepotea. Vitabu vilimwahidi kwamba Kituruki hutamkwa kama kinavyoandikwa, na mtu wa Kiswahili akisikia hivyo hufurahi, maana kwetu ndivyo ilivyo. Sasa tazama sentensi hii: *Ne yapıyorsun, bir şey içecek misin?* Unafanya nini, utakunywa kitu? Hivyo ndivyo inavyoandikwa. Kwenye mkahawa wa Istanbul inatoka *Napıyosun, bi şey içicen mi?* Maneno mawili ya mwanzo yameshikana, herufi r imeanguka mara mbili, na kitenzi cha mwisho kimebadilika sura.

Na sisi tunakuja na mizigo yetu. Kiswahili kina irabu tano, Kituruki kina nane. Irabu ı (i isiyo na nukta), ö na ü hazina pa kukaa kwenye sikio letu, kwa hiyo tunazipachika kwenye irabu yoyote iliyo karibu. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, wa Kituruki kwa kawaida hukaa silabi ya mwisho, basi sikio linakata maneno mahali ambapo hayakatiki. Kubwa kuliko yote ni ukanushi. Kiswahili hutangaza hapana mapema: si-, hu-, ha-. Ukishasikia mwanzo wa kitenzi, umemaliza. Kituruki huificha katikati, tena bila mkazo: *geldi*, amekuja, *gelmedi*, hakuja. Aliyezoea kutega sikio mwanzoni atasikia "gel" na kuridhika, akamsubiri mgeni asiyekuja.

Sarufi haiponyi hilo. Dawa yake ni saa nyingi za kusikiliza, na mtandaoni vya kusikiliza vimejaa kiasi kwamba mtu hukwama kuchagua. Hapa nimeviweka katika makundi manne: masomo yaliyopangwa kwa ngazi, video za mahojiano ya mtaani, tamthilia, na redio pamoja na habari na podikasti. Sikulinganisha programu moja moja, kwa sababu programu huja na kuondoka, lakini makundi haya yapo na yatakuwepo.

Tunapima kwa nini

Kila kundi nitalipima kwa mambo yaleyale matano.

La kwanza ni kasi na usafi wa sauti: mtu mmoja anazungumza studioni, au watu wanne wanakatizana barabarani huku pikipiki zinapita?

La pili ni maandishi, na kwangu hili ndilo zito. Sauti isiyo na maandishi inakuacha bila hakimu. *Altmış* ni sitini, *yetmiş* ni sabini. Ukisikia moja ukadhani ni nyingine, hakuna wa kukuambia umekosea, na kesho utakosea vilevile kwa kujiamini zaidi. Ninaposema maandishi nina maana ya maandishi ya Kituruki. Tafsiri ya Kiingereza chini ya video inakupa hadithi, lakini inalipa sikio likizo.

La tatu: Kituruki cha nani? Msomaji wa habari, mhadhiri, muuza nguo wa mtaa wa Laleli kule Istanbul, mama mkwe wa kwenye tamthilia na fundi kutoka mikoa ya Bahari Nyeusi hawaongei namna moja. Swali la kujiuliza ni kwamba mwisho wa safari yako utakuwa unamsikiliza nani.

La nne, bando na pesa. Hesabu ni rahisi: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa, na ya kilobiti 64 nusu yake. Video, hata ukiishusha ubora, ni mara kadhaa ya hapo. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasikiliza kila siku au Jumapili tu akipata Wi-Fi ya mtu.

La tano, nani kinamfaa.

1. Masomo yaliyopangwa kwa ngazi

Mlango mkubwa hapa ni Taasisi ya Yunus Emre, shirika la Uturuki la kueneza lugha na utamaduni lililoanza kazi mwaka 2009. Ina tovuti ya kujifunzia inayoitwa Türkçe Öğretim Portalı, bure, unajiandikisha kwa barua pepe na kuanzia ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa. Vyuo vinavyofundisha Kituruki kwa wageni, ambavyo wengi wetu tunavijua kwa jina la TÖMER, navyo vina vitabu vyenye rekodi za mazoezi ya kusikiliza. Pembeni yake kuna Language Transfer, kozi ya sauti tupu ya Mihalis Eleftheriou, nayo bure, ila inafundishwa kwa Kiingereza.

*Kasi na sauti.* Polepole, studioni, kila silabi imesimama peke yake. Hii ni neema kwa anayeanza, na baadaye ni mtego: mtu aliyemaliza rekodi zote za A2, ngazi inayofuata, anaweza kushuka uwanja wa ndege Istanbul asielewe dereva wa teksi hata sentensi moja.

*Maandishi.* Hapa hakuna mpinzani. Karibu kila rekodi ina matini yake, kwenye ukurasa uleule au mwisho wa kitabu, pamoja na maswali na majibu. Unajua papo hapo umekosa nini.

*Kituruki cha nani.* Cha mwalimu. *Ne yapıyorsun* inatamkwa yote, na r zake zipo. Ni Kituruki sahihi ambacho Mturuki mwenyewe hukitumia anapoongea na wageni na kwenye mtihani.

*Bando na pesa.* Bando dogo, pesa hakuna. Rekodi nyingi ni za dakika mbili tatu. Language Transfer unapakua mara moja unasikiliza ndani ya daladala bila mtandao, ingawa niseme wazi kwamba kozi hiyo inajenga kichwa kuliko sikio. Dakika nyingi unamsikia mwalimu akieleza kwa Kiingereza jinsi viambishi vinavyopangwa, na Kituruki chenyewe ni vipande vipande. Mtu wa Kiswahili, ambaye tayari anapanga *ni-li-m-pig-i-a* bila kufikiri, ataelewa mantiki hiyo upesi kuliko wengi.

*Nani kinamfaa.* Anayeanza kabisa, na anayejiandaa kwa mtihani. TYS, mtihani wa kupima Kituruki unaotolewa na Yunus Emre, una sehemu nne, na kusikiliza ni mojawapo. Sauti zake ziko karibu zaidi na kundi hili na la nne kuliko mtaa.

2. Video za mahojiano ya mtaani

Chaneli inayojulikana zaidi ni Easy Turkish ya YouTube: mtu na maikrofoni anasimama Istanbul, anauliza wapita njia swali moja, na chini yanapita maandishi ya Kituruki na ya Kiingereza kwa pamoja. Mbali na hiyo, Uturuki ina utamaduni mzima wa *sokak röportajı*, mahojiano ya barabarani kuhusu bei za vitu, kodi ya nyumba, siasa na mpira, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Waturuki wenyewe.

*Kasi na sauti.* Kasi ya kweli na kelele za kweli. Ukiweka kasi ya 0.75 kwenye YouTube unapata nafuu, ila usibaki huko muda mrefu, kwa sababu sauti iliyovutwa hurudisha zile silabi ambazo kazi yako ni kujifunza kuzikosa.

*Maandishi.* Kwenye chaneli za wanaojifunza, yapo na yameandikwa na watu. Kwenye *sokak röportajı* za kawaida inategemea: nyingine zina maandishi ya Kituruki, nyingine unabaki na yale yanayoandikwa na mashine ya YouTube, ambayo kwa Kituruki cha studio hujitahidi sana lakini barabarani hubahatisha. Jambo moja la kuangalia: mara nyingi maandishi hunyoosha mazungumzo. Mtu kasema *bi şey*, chini imeandikwa *bir şey*. Usidhani sikio lako limekosea.

Hapa ndipo inafaa kuonyesha kazi yenyewe inavyofanyika. Chukua sentensi ya aina unayoweza kuikuta kwenye video yoyote ya namna hii:

*Yani bence İstanbul'da yaşamak çok zor ya, kiralar uçmuş, ama gidemiyosun da.*

Mara ya kwanza, bila kutazama maandishi, mtu wa ngazi ya kati atashika *yani*, *İstanbul* na *çok zor*, yaani ngumu sana. Mara ya pili atashika *kira*, ambayo ni kodi ya nyumba. Mwishoni atasikia kitu kama *gidiyosun*, unaondoka, na atatafsiri: maisha ya Istanbul ni magumu, kodi zimepaa, lakini unaondoka. Haileti maana vizuri, lakini anapita. Sasa afungue maandishi: *gidemiyorsun*. Ile *-emi-* katikati ndiyo "huwezi". Kumbe mtu amesema: kodi zimepaa, lakini huwezi kuondoka vilevile. Arudi asikilize kipande hicho cha sekunde moja mara tano sita, mpaka *-emi-* isikike bila kuitafuta. Kisha aiseme mwenyewe kwa kasi ileile. Sentensi moja namna hiyo inafundisha kuliko saa nzima ya kuiacha video ipite huku unaosha vyombo.

*Kituruki cha nani.* Cha kila mtu: wanafunzi, wazee wa kijiweni, mama muuza *simit*, ule mkate wa duara wenye ufuta. Hakuna kundi jingine linalokupa vinywa vingi hivyo kwa muda mfupi. Upungufu wake ni kwamba majibu ni mafupi. Sekunde ishirini kwa mtu, kisha mwingine. Hujifunzi kumfuata mtu anayejenga hoja kwa dakika kumi.

*Bando na pesa.* Bure, ila ni video, na huwezi kufumba macho kwa sababu faida yake yote iko kwenye maandishi. Habari njema ni kwamba video ni fupi. Ishushe mpaka 240p. Maandishi makubwa bado yanasomeka.

*Nani kinamfaa.* Aliyemaliza misingi na anataka kuvuka ukuta ule wa kitabu na mtaa. Pia mtu mwenye kazi nyingi ambaye dakika kumi kwa siku ndizo alizo nazo.

3. Tamthilia

Hizi hazihitaji utangulizi. Kwa Afrika Mashariki wengi tumekutana nazo zikiwa tayari zimetiwa sauti za Kiswahili, kama zile zilizoonyeshwa na Azam TV, na ndizo zilizowatia watu hamu ya lugha yenyewe. Tatizo liko wazi: iliyotiwa sauti ya Kiswahili haina Kituruki ndani. Lakini usiitupe. Ukishaijua hadithi kwa Kiswahili, nenda YouTube kwenye chaneli rasmi ya tamthilia hiyo, tafuta kipindi kilekile kwa sauti ya asili. Unajua tayari nani anamdanganya nani, kwa hiyo akili haihangaiki na kisa, inabaki na kazi ya kusikia tu. Ni faida ambayo wanafunzi wa nchi nyingi hawana.

*Kasi na sauti.* Sauti safi, waigizaji waliofunzwa, mapumziko marefu ya kutazamana huku muziki unapanda. Mapumziko hayo yanayowaudhi wakosoaji ni zawadi kwa mwanafunzi, maana yanampa muda wa kumeza sentensi iliyopita. Vichekesho ni hadithi nyingine. Huko wanakimbia, na utani wenyewe mara nyingi uko kwenye lafudhi.

*Maandishi.* Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chaneli rasmi zikiweka maandishi, mara nyingi ni ya lugha za kigeni. Kuna njia ambayo watu hawaijui: vituo vya televisheni vya Uturuki hutengeneza matoleo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, hupatikana kwenye tovuti zao chini ya neno *engelsiz*. Toleo lenye *ayrıntılı altyazı* lina maandishi kamili ya Kituruki kwa wasiosikia. Lenye *sesli betimleme* limetengenezwa kwa wasioona: msimulizi anaeleza kwa sauti tulivu kinachoonekana, kwamba fulani anafungua mlango, anatazama barua, anaketi. Fikiria hilo ni zoezi gani. Kila tendo unaliona kwa macho na kulisikia kwa kitenzi chake, papo kwa papo. Andika jina la tamthilia na moja ya maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafuta uone kinachokuja. Si kila tamthilia inayo.

*Kituruki cha nani.* Inategemea unachotazama, na hapa watu hujidanganya. Tamthilia za enzi za Waosmani ndizo zilizopendwa sana kwetu, lakini Kituruki chake ni cha kuigiza ukale: *bey*, *hatun*, *ferman*, viapo na hotuba za vitani. Ukimsalimia mwenye duka wa Merter, eneo jingine la maduka ya nguo Istanbul, kwa lugha hiyo atacheka kwa upendo, lakini atacheka. Zile za familia na mapenzi za mjini ziko karibu zaidi na unachohitaji: watu wanagombana jikoni, wanapiga simu, wanaagiza chai, wanaitana *abi* na *abla* kama sisi tunavyoitana kaka na dada hata tusipokuwa ndugu.

*Bando na pesa.* Ndilo kundi linalokula kuliko yote. Kipindi kimoja cha televisheni ya Uturuki hupita saa mbili. Msimu mzima ni bando la ukoo. Ushauri wangu: usijifunzie kipindi kizima. Chagua tukio moja la dakika tatu, lipakue au lirudie, mengine tazama kwa raha zako ukipata Wi-Fi.

*Nani kinamfaa.* Mtu ambaye bila hadithi hudumu wiki moja tu kisha anaacha. Hamu si jambo dogo. Anayetazama kila siku kwa sababu anataka kujua kilichompata mhusika atasikia Kituruki kingi kuliko mwenye nidhamu ya wiki mbili. Hamfai anayeanza kabisa, isipokuwa kama burudani ya kuzoesha sikio mdundo wa lugha.

4. Redio, habari na podikasti

Shirika la utangazaji la taifa, TRT, lina programu ya bure iitwayo TRT Dinle, yenye redio zake zote moja kwa moja, podikasti, vitabu vya kusikiliza na michezo ya redio. Açık Radyo ya Istanbul, iliyoanza mwaka 1995 na kufutiwa leseni mwaka 2024, sasa inasikika mtandaoni kwa jina la Apaçık Radyo, na mazungumzo yake ya utamaduni na mazingira ni ya watu wanaofikiri kwa sentensi ndefu. Medyascope, iliyoanzishwa mwaka 2015, ina mahojiano ya siasa kwenye YouTube. BBC Türkçe hutoa video fupi ambazo nyingi zimeandikwa Kituruki chini.

*Kasi na sauti.* Safi, lakini nzito. Msomaji wa habari haropoki wala hamezi silabi, ila sentensi yake inaweza kubeba majina matatu, cheo, tarehe na mahali kabla kitenzi hakijafika. Na kitenzi kikifika ndipo unajua kama waziri alikubali au alikanusha. Kushika vyote hivyo kichwani mpaka mwisho ndio ustadi wenyewe, na hakuna kundi jingine linaloufundisha vizuri hivyo. Podikasti za marafiki wawili wanaopiga soga ni kinyume chake: sentensi fupi, vicheko, kukatizana, maneno ya kujazia kama *şey* na *hani* kila baada ya pumzi.

*Maandishi.* Redio ya moja kwa moja haina. Podikasti chache zinayo. Habari ndizo zenye njia ya kuzunguka: soma kwanza habari hiyohiyo kwa Kiswahili. TRT Afrika, iliyoanza mwaka 2023, ina huduma ya Kiswahili, na BBC Swahili ipo siku zote. Ukisoma kwa Kiswahili kilichotokea jana, kisha ukafungua TRT Haber, chaneli ya habari ya TRT, majina na matukio tayari unayo. Kilichobaki ni kusikia jinsi yanavyosemwa.

Kwa Waislamu kuna chanzo ambacho sioni kikitajwa. Idara ya dini ya Uturuki, Diyanet, huchapisha kwenye tovuti yake matini ya hutba ya kila Ijumaa, na matini hiyohiyo husomwa misikitini nchi nzima. Rekodi zake zipo YouTube. Ni dakika chache, inasomwa kwa utulivu, maandishi unayo neno kwa neno, na msamiati wake wa asili ya Kiarabu umejaa maneno ambayo mtu wa Pwani hahitaji kamusi kuyatambua. Ukiniuliza kipi ni kizuri zaidi kwa mtu wa ngazi ya kati asiyetaka kelele za mtaa, hutba iko juu kwenye orodha yangu.

*Kituruki cha nani.* Habari na hutba: Kituruki rasmi, kilekile cha ukumbi wa mihadhara na barua za ofisini. Podikasti za soga: vijana wa mjini.

*Bando na pesa.* Ndilo kundi la bei nafuu kwa kila saa ya kusikiliza. Pakua usiku, sikiliza mchana. Mikono na macho viko huru.

*Nani kinamfaa.* Aliye ngazi ya kati kwenda juu, na mwanafunzi anayeelekea chuo kikuu. Anayeanza akiwasha redio siku nzima akitumaini itamwingia yenyewe, atazoea mdundo na si zaidi.

Chagua kwa hali yako

*Umepata Türkiye Bursları, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, au unaomba.* Wengi huanza na mwaka wa lugha hukohuko kabla ya masomo yenyewe. Miezi ya kusubiri safari itumie kwenye kundi la kwanza mpaka A2 ikamilike, kwa sababu darasani TÖMER kasi si ya kubembeleza. Ukishafika, mtaa utakufundisha mtaa bila kuulipia. Wewe ongeza redio na habari, kwani mhadhiri wa mwaka wa kwanza hataongea kama wenzako wa bweni. Wote utawaita *hocam*, mwalimu wangu, na wote wataitika, lakini lugha yao si moja.

*Unafuata mzigo wa nguo Istanbul, kule Laleli, Merter au Osmanbey.* Huhitaji habari za siasa wala tamthilia ya kifalme. Jifunze namba mpaka zisikugeuke, hasa sitini na sabini, na *buçuk*, ambayo ni nusu. Kisha nenda kwenye video ambazo maduka ya jumla yenyewe hurusha yakionyesha mali. Tafuta kwa maneno kama *toptan giyim*. Utasikia *seri*, seti ya saizi ambayo duka la jumla halikubali kuivunja, *beden*, saizi, *kumaş*, kitambaa, na *indirim*, punguzo. Na ujizoeze kusikia jibu la swali la *En son ne olur?*, yaani bei ya mwisho ngapi, maana kuuliza ni rahisi kuliko kuelewa unachojibiwa. Jambo moja dogo la kukukosesha miadi: *saat üç* ya Mturuki ni saa tisa yetu. Ukisikia saa, badilisha kichwani kabla hujaitikia.

*Unafanya kazi na kampuni ya Kituruki hapa nyumbani,* kama wale walioajiriwa kwenye reli ya SGR Tanzania, ambako Yapı Merkezi ilijenga kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro na Makutupora. Wasimamizi wa saiti hutoka mikoa mbalimbali na huongea kwa amri fupi huku mashine inanguruma. Kundi la pili ndilo la karibu zaidi, kwa lafudhi na kelele zake. Lililobaki ni kuomba ruhusa ya kurekodi maagizo ya kila siku kwenye simu na kumwomba mwenzako Mturuki ayaandike. Dakika mbili za rekodi hiyo zitakufaa kuliko chaneli yoyote.

*Unataka tamthilia bila kusubiri ya kutafsiriwa.* Basi tamthilia, lakini ya mjini kwanza, ya enzi za Waosmani baadaye. Maandishi ya Kiingereza yazime kwa tukio moja kila kipindi, lile ulilolipenda zaidi.

*Unajiandaa kwa TYS au kazi ya ukalimani.* Gawanya muda: asubuhi rekodi za kozi zenye maswali, jioni mahojiano marefu ya Medyascope au Apaçık Radyo, ukisimamisha kila dakika na kueleza kwa Kiswahili, kwa sauti, ulichosikia. Mkalimani atahitaji pia video za mtaani, kwa kuwa wateja hawaongei kama redio.

*Bando ni dogo na simu ni ya zamani.* Pakua rekodi za kozi na podikasti kwa sauti tupu, na matini ziwe zimehifadhiwa kwenye simu. Hutba ya wiki na matini yake ni faili mbili ndogo. Ukipata Wi-Fi, pakua video tatu za Easy Turkish, si ishirini. Hizo tatu zitakutosha mpaka Wi-Fi nyingine.

*Huna dakika hata kumi za kukaa chini.* Sikiliza podikasti za soga ukiwa njiani, bila kutegemea maajabu, na mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko, keti na daftari na video moja ya mtaani uifanyie kazi ile ya *gidemiyorsun* mpaka iishe.